Tairi la mbio za vumbi lisirudi barabarani

Wapo wanaoamini kwamba mbio za magari ni starehe ya matajiri wa Kololo, na kwamba mwalimu wa fizikia mwenye mshahara wa kuhesabu kwa vidole hana sababu ya kuzitia mdomo. Naomba nitofautiane nao. Mbio za vumbi zikimalizika Jumapili jioni, magari hurudi nyumbani yakivutwa, watazamaji hurudi na sauti zilizokauka, lakini matairi hayarudi nyumbani. Matairi huingia sokoni. Na sokoni, ndugu msomaji, ndipo mimi na wewe tunapokutana nayo.

Nazungumzia zile mbio za mstari mnyoofu ambazo vijana wanaziita dragi. Magari mawili husimama sambamba, bendera inashuka, na anayefika mwisho wa kiwanja kwanza ndiye mshindi. Hakuna kona, hakuna ramani. Kwenye lami, kipimo kinachojulikana duniani ni robo maili, yaani mita 402, au nusu yake, mita 201. Kwenye udongo urefu hutegemea kiwanja kilichopatikana. Hapa Uganda mchezo huu wa udongo una kaka zake wakubwa: rali ya Pearl of Africa, na mashindano ya kukimbiza saa katika viwanja kama Busika, wilaya ya Luweero, na Garuga, njia ya Entebbe. Mafundi wake ni wale wale, na mara nyingi hata matairi ni yale yale, yamebadilishwa mwenyewe tu.

Sipingi mchezo huu. La hasha! Nimekulia ndani yake. Wazazi wangu walivuka mpaka wa Malaba wakati wa vita vya miaka ya themanini, nami nikasomea Nakuru, darasa la kwanza hadi kidato cha mwisho. Kwa sisi watoto wa ukimbizini pale Bonde la Ufa, Pasaka ilikuwa na mambo mawili: kanisa asubuhi, na baadaye kusimama kando ya barabara ya vumbi kungoja magari ya Safari yapite. Rali hiyo ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kabla siasa za nchi zetu hazijaifungia ndani ya Kenya.

Na wenzangu mliorejea mtanisamehe nikijivunia jambo moja. Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara tano, alizaliwa Uganda. Utawala wa Idi Amin ulipoilazimisha familia yake kuhamia Kenya mwaka 1972, wengi walidhani yamekwisha. Mwaka uliofuata, 1973, akashinda Safari akiwa na Datsun 240Z, katika mbio ngumu kiasi kwamba yeye na Msweden Harry Källström walimaliza sawasawa, ikabidi kanuni zitafute mshindi. Kisha akashinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Nilipokuwa shuleni nikitaniwa kwamba Waganda wanajua kukimbia tu, jibu langu lilikuwa jina hilo.

Basi turudi kwenye matairi, maana huko ndiko kwenye kesi.

Kijana anayetaka kuingia mbio za vumbi huanza kwa kuulizia injini. Ataongezwa turbo, atapasuliwa bomba la moshi mpaka majirani washindwe kulala. Mimi humuuliza swali moja la darasani: nguvu zote hizo zinafika ardhini kupitia wapi? Chukua gari la kilo 1,200. Kila gurudumu linabeba kama kilo 300. Ukijaza upepo wa pauni 30, ile PSI ya kwenye geji, sehemu ya tairi inayogusa ardhi haizidi sana sentimita za mraba 140. Hicho ni kiganja cha mkono wa mtu mzima pamoja na vidole. Viganja vinne ndivyo vinavyolishika gari lote. Ukipunguza upepo hadi pauni 20, kiganja kinakua hadi sentimita za mraba 210 hivi, kwa sababu uzito ni ule ule na shinikizo limepungua. Hesabu hii inaacha pembeni ugumu wa ubavu wa tairi, lakini kwa kazi yetu inatosha.

Ndiyo maana dereva wa mbio za vumbi hutoa upepo. Lakini kutoa upepo kuna mpaka wake. Ukishuka mno, mdomo wa tairi unachomoka kwenye ringi wakati wa kuondoka kwa kasi, na gari linakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Wenye fedha hununua ringi zenye pete ya chuma inayobana mdomo wa tairi kwa bolti. Asiye na fedha abaki karibu na pauni 20 na apime kwa geji, si kwa teke. Tena apime tairi likiwa baridi, kwa sababu joto likipanda nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, geji hupanda pauni moja hivi. Uliyemjazia upepo asubuhi Busika akiwa na koti, saa nane mchana jua likiwaka ni mtu mwingine.

Halafu kuna udongo wenyewe. Udongo wetu wa muramu ni mwekundu, una vijiwe vidogo vya mviringo, na una tabia mbili zisizofanana. Ukiwa mkavu, juu kuna vijiwe vinavyoviringika kama gololi na chini kuna sakafu ngumu. Ukinyeshewa, juu panakuwa na utando wa tope kama sabuni na chini bado pagumu. Ukiangalia vizuri, katika hali zote mbili kinachotafutwa ni kile cha chini. Tairi pana, ambalo vijana wanalipenda kwa sababu linapendeza pichani, huelea juu ya gololi na juu ya sabuni. Tairi jembamba hukata na kufika sakafuni. Kwa gari dogo nimeona tairi la upana wa milimita 175 au 185 likiaibisha la 215 asubuhi nzima. Tairi pana hupata haki yake kiwanja kikishapitiwa mara nyingi, vumbi likafagiliwa na magurudumu, na kubaki mstari mweusi mgumu unaong'aa kama lami. Hapo mchezo unageuka: sasa anayetakiwa ni mwenye mpira laini na sehemu kubwa ya kugusa, na mwenye meno makubwa anabaki kutetemeka.

Tairi kipara kabisa, lile la mbio za lami, ni mzigo kwenye udongo uliolegea. Udongo hushikwa kwa kingo. Kila kipande cha kashata, yaani yale maua ya mpira, kina ukingo wake, na ukingo huo ndio unaouma ardhi. Kingo zikiviringika kwa kuchakaa, tairi linapoteza meno hata kama kina cha mifereji kinaonekana bado kipo.

Kipenyo nacho kina maneno yake. Tairi la 195/65 R15 lina kipenyo cha milimita 634 hivi: 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 15 ni inchi za ringi. Ukifunga 195/50 kwenye ringi ile ile, kipenyo kinashuka hadi 576. Msukumo wa gurudumu ardhini unaongezeka kwa asilimia 10 bila kugusa injini wala gia. Ni zawadi ya bure. Ila spidomita nayo itadanganya, na chini ya gari kutakuwa karibu na mawe kwa sentimita 3. Na wenye Subaru za kuvuta magurudumu yote manne wasikie: matairi manne yawe na kipenyo kimoja. Mawili mapya na mawili yaliyoisha yanailazimisha difu ya kati kufanya kazi kila sekunde, hata kwenye mstari mnyoofu, mpaka iungue.

Sasa niwaambie siri ambayo wafanyabiashara wa Malaba na Busia wanaijua nusu. Katika mitumba inayotoka Japani na kupitia bandari ya Mombasa, kuna matairi yenye neno STUDLESS ubavuni. Hayo yalitengenezwa kwa ajili ya barafu. Japani ilipopiga vita matairi yenye misumari mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa sababu ya vumbi lililochimbwa barabarani, viwanda viliongeza nguvu kwenye mpira laini unaobaki laini hata kwenye baridi ya kuganda, na kashata zake zikachanwa mipasuo membamba mamia kwa mamia. Kwa mbio fupi za udongo, hilo ni tairi la maskini lililoandaliwa tayari: ni laini, lina kingo nyingi, na halihitaji kisu. Vijana wanaojua hulitafuta Kisekka na Ndeeba kama watu wanaotafuta dawa.

Lakini tairi hilo hilo, ukilifunga kwenye gari la familia na kwenda nalo Mbarara saa saba mchana, linakuwa kama ubani jua kali. Mpira uliopikwa kwa ajili ya nyuzi sifuri unajinyonganyonga kwenye lami ya moto, gari linaogelea kwenye kona, breki zinachelewa, na kashata zinaisha kabla ya mwaka. Muuzaji anasema, "Mwalimu, angalia kashata zilivyojaa!" Kweli zimejaa. Zimejaa kwa sababu hata Japani lilitumika miezi ya theluji tu, kisha likakaa stoo miaka.

Miaka hiyo nayo husomeka. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu 4. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta tarakimu 3 tu, hilo tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na mahali pake ni kwenye bembea ya watoto. Mpira hukauka hata ukiwa haujagusa ardhi. Kwa dereva wa mbio, mpira mkavu ni mshindi aliyepotea. Kwa abiria ni jambo zito zaidi.

Tufike kwenye kisu.

Fundi wa matairi ya vumbi ana kazi tatu, na kila moja ina jina lake kwa wanaoijua. Ya kwanza ni kusaga. Tairi likishapata joto na kupoa mara kadhaa, linaota ngozi ya juu, ngumu na yenye kung'aa. Fundi huiondoa kwa jiwe la kusagia, kidogo kidogo, mpaka mpira mbichi utokee na kingo zirudi kuwa kali. Ya pili ni kupasua: mipasuo membamba juu ya kashata, bila kutoa mpira, ili kila kipande kilegee na kupata kingo mpya. Mipasuo hiyo husaidia pia kupoza. Ya tatu ndiyo kuchonga mifereji, ambapo mpira unatolewa kabisa kwa kisu chenye moto. Mafundi wa timu kubwa za rali walikuwa wakifanya kazi hii kwa mkono kando ya barabara, mvua ikibadilika, na walioifanya vizuri waliheshimiwa kama madaktari.

Kuna kanuni moja ambayo mchongaji mzuri haivunji: asishuke chini kuliko mfereji wa kiwandani. Chini ya mfereji ule kuna tabaka jembamba la mpira, na chini yake ni waya. Tabaka hilo haliko pale kwa bahati. Ndilo linalozuia maji na mchanga kufika kwenye waya na kuanza kutu. Matairi ya malori yapo yaliyotengenezwa na mpira wa ziada chini, nayo yameandikwa REGROOVABLE, maana yake yanaruhusiwa kuchongwa upya. La gari dogo halina ziada hiyo. Uingereza sheria inakataza tairi la gari dogo kuchongwa upya na kutumika barabarani, na si kwamba Waingereza hawajui kubana matumizi.

Kuna na wale wanaolowesha matairi kwa petroli au dawa za kununua chupani ili yalainike. Yanalainika, ndiyo. Mafuta hayo yanavimbisha mpira na kuingia mpaka kwenye gundi inayoshika tabaka moja na jingine. Mashindano mengi duniani yamepiga marufuku jambo hili, na mvuke wake si wa kuvutwa na mtoto anayefanya kazi hiyo kwenye kibanda kisicho na dirisha. Nimemwona mtoto huyo. Alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wa kidato cha pili, siku ya shule, saa nne asubuhi.

Sasa linganisha. Tairi la 195/65 R15 huzunguka mara moja kila mita 2. Katika mbio za mita 400 linazunguka mara 200, halafu linasimama, linapumzika, dereva anakunywa soda. Kutoka Malaba hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Tairi hilo hilo litazunguka zaidi ya mara laki moja bila kupumzika, likiwa na abiria, magunia ya vitunguu juu, na lami inayochemka kuanzia Iganga. Lililosagwa, likapasuliwa, likachongwa na kuloweshwa kwa ajili ya mara 200 linaombwa lifanye kazi ya mara laki moja. Fizikia haina huruma katika hesabu hii. Kila mzunguko unalikunja tairi na kulikunjua, kukunja kunazaa joto, na joto hutafuta mahali mpira ulipo mwembamba.

Nani anafanya hivyo? Hakuna anayejitaja. Dereva humwachia fundi matairi yaliyochoka kama sehemu ya malipo. Fundi humuuzia kijana wa kibanda. Kijana huyapaka rangi nyeusi yang'ae, na kama kashata zimekaribia kuisha huchukua kile kile kisu cha moto na kuchimba mifereji mipya, safari hii bila kanuni yoyote, hadi pale waya unapokaribia kuchungulia. Kutoka hapo tairi huvuka mpaka. Mengine huenda Mutukula, mengine Mpondwe kuelekea Kongo, mengine hurudi Busia yalikopitia. Kila mkono unaongeza faida na kuondoa habari.

Mwaka jana nilikuwa ndani ya taksi, zile wenzetu wa Nairobi wanaziita matatu, nikitoka Masaka. Karibu na Lukaya tairi la nyuma kushoto likapasuka. Dereva alikuwa mzoefu, hakukanyaga breki, akaliacha gari lipungue lenyewe mpaka ukingoni kwenye majani ya kinamasi. Abiria tulikuwa kumi na wanne. Mama mmoja aliyekuwa na mjukuu alishuka na kukaa chini, hakusema neno mpaka gari jingine lilipokuja. Nami, kwa ugonjwa wa ualimu, nikaenda kuangalia mabaki. Ukanda wa juu ulikuwa umebanduka wote kama ganda la ndizi. Kwenye kipande nilichookota, mfereji wa katikati ulikuwa umechimbwa kwa mkono: kuta zake zilikuwa na mawimbi, na chini yake waya ulikuwa na kutu ya siku nyingi. Mmiliki alikuwa ameliuziwa kama tairi zuri la mtumba. Risiti hakuwa nayo.

Naomba nieleweke. Siombi mitumba ipigwe marufuku. Wanaoomba hivyo mara nyingi ni watu ambao magari yao huwekewa matairi mapya na ofisi. Sisi tuliorudi na sanduku moja na cheti cha shule ya ugenini tunajua mtumba umetuvusha wapi. Mwalimu hanunui matairi manne mapya kwa mpigo. Mchuuzi wa samaki wa Busia hanunui. Ninachosema ni kwamba mtumba uliotumika na mtumba uliochongwa ni bidhaa mbili, na anayeuza wa pili kwa jina la wa kwanza ni mwizi wa aina yake.

Nilimweleza hivyo mama mmoja anayeuza matairi mpakani. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa kiti, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nauza mpira. Barabara ni ya serikali." Tukacheka wote wawili. Lakini kabla sijaondoka aliniuliza, kwa sauti ya chini, namna ya kulitambua tairi lililochongwa, kwa sababu naye huuziwa kwa jumla, usiku, chini ya taa ya simu. Nilimwonyesha, na nitawaonyesha na ninyi.

Tafuta herufi TWI kwenye bega la tairi, pale ubavu unapokutana na kashata. Wengine huweka alama ndogo ya pembetatu. Kutoka alama hiyo nenda moja kwa moja ndani ya mfereji mkubwa. Utakuta kijituta cha mpira kinachokatiza mfereji, kimo chake milimita 1.6. Kiwanda kilikiweka ili kashata zikichakaa mpaka kulingana nacho ujue tairi limekwisha. Mchongaji wa magendo akichimba mfereji, mara nyingi hukikata kijituta hicho. Kisu chake kwa kawaida hupita mfereji mzima. Basi ukifuata alama ya TWI na kukuta mfereji mtupu, bila kijituta, au kijituta kimekatwa katikati, hilo tairi limechongwa, hata kama linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Zunguka nalo, vijituta huwa kadhaa kwenye mzingo. Halafu ingiza kidole: ukuta wa kiwandani ni laini na umenyooka, wa kisu una mawimbi. Kazi hii haichukui hata dakika moja, na rangi nyeusi haiwezi kuificha.

Ukiuliza maswali haya Kisekka kwa Kiswahili, bado wapo watakaokudhania ni askari, na bei itapanda kidogo kwa heshima hiyo. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, lakini bei za vipuri hazijapata waraka. Uliza tu.

Kwa waandaaji wa mbio za vumbi nina ombi, na nimelipeleka kwa mdomo kwa zaidi ya mmoja wao. Kabla ya mashindano kuna ukaguzi wa magari: mikanda, helmeti, kizima moto. Hapo hapo kila tairi lililosagwa, kupasuliwa au kuchongwa lipakwe mstari mpana wa rangi nyeupe ubavuni pande zote mbili na lichomwe namba ya gari. Mwisho wa siku, lile ambalo mwenyewe hataki kurudi nalo litobolewe ubavu kwa drili kabla ya kutoka getini. Tundu la ubavu halizibiki kwa kiraka cha fundi pancha. Linalorudi nyumbani lirudi na rangi yake, na likionekana sokoni namba itasema lilikotoka. Gharama yake ni kopo la rangi na drili moja ya betri.

Nimejibiwa kwamba madereva watakimbia mashindano yenye masharti, kwa kuwa matairi yaliyochoka ni fedha zao za mafuta ya kurudia. Sikubaliani. Dereva aliyetumia mamilioni kwenye turbo hakosi mafuta kwa sababu ya matairi mawili ya mtumba. Anayekosa ni fundi, na fundi ana mnunuzi mwingine ambaye hahitaji tairi lizunguke. Katwe wapo mafundi wa lugabire, vile viatu vya matairi ambavyo Nakuru tuliviita akala. Wao hununua tairi lililokwisha, hulikata kwa kisu kile kile, na waya uliochungulia hauwasumbui maana huutoa kwanza.

Mpwa wangu anakimbia na Starlet, na mashindano yake yanayofuata ni mwisho wa mwezi. Amefunga STUDLESS mbili mbele, upana 175, wiki ya 40 mwaka 2019, pauni 20 asubuhi. Zimepasuliwa lakini hazijachongwa. Rangi nyeupe alipaka mwenyewe Jumamosi iliyopita, akilalamika kwamba "Mjomba, gari linaonekana kama pundamilia." Mtengeneza lugabire mmoja wa Katwe ameshakuja kuyaona na kuyapima kwa rula. Anadai kila moja litatoa jozi kadhaa, na ametanguliza nusu ya bei.